Keki haina imondo

Kuku ana desturi yake na ugali una miiko yake, lakini keki ya sufuria iliingia nyumbani bila sheria. Ndiyo maana kila inapopikwa, lazima kuwe na kesi.

Jumapili alasiri, watu wakisharudi kutoka kanisani, kuku huchinjwa katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma na kuliwa kwa amani. Amani hiyo haitokani na upole wa walaji. Inatokana na ukweli kwamba kuku wa huku kwetu ana katiba yake. Firigisi, au imondo kama wanavyoiita Waluhya wengi, ni ya mzee wa boma. Haina mjadala wala haipigiwi kura. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba akiidokoa jikoni, nyumba nzima itahojiwa mpaka mwizi apatikane. Mapaja yana wenyewe, kifua kina wenyewe, na shingo pamoja na miguu humwendea yule aliyechelewa kunawa mikono.

Sasa leta keki mezani, mpenzi msomaji, uone maajabu.

Keki haina paja wala shingo. Zaidi ya yote, keki haina imondo. Ni duara tupu, limekaa katikati ya meza likinukia vanila, na hakuna babu aliyewahi kuacha wosia kuhusu namna ya kuligawa. Baba anaamini kipande kikubwa ni chake kwa sababu ndiye aliyenunua sukari. Kifungua mimba anaamini ni chake kwa sababu alikoroga unga mpaka mkono ukafa ganzi. Kitinda mimba hana hoja yoyote, ila ana kilio, na kilio hushinda hoja nyingi. Naye mama, aliyekaa motoni saa nzima macho yakimtoka machozi kwa moshi, anaambiwa, "Mama, wewe si umeonja jikoni?"

Makala haya ni juu ya keki hiyo: ilikotoka, jinsi ya kuioka bila oveni, kwa nini huumuka vizuri Bungoma na kudidimia Kitale, na mwisho kabisa, nani ashike kisu.

MOTO JUU, MOTO CHINI

Wapo wanaodhani kwamba kuoka ni jambo la watu wenye majiko ya umeme na kabati za vioo. Hao hawajatembea Pwani. Kina mama wa Mombasa, Lamu na Unguja wamekuwa wakipika mkate wa kumimina na mkate wa mayai kwa kuweka makaa chini ya chombo na kupalia mengine juu ya kifuniko. Hiyo ndiyo oveni. Kinachohitajika ni joto la pande zote, na joto halina haja ya kujua kama limetoka kwenye waya au kwenye gunia la makaa.

Huku Magharibi na Bonde la Ufa, keki ilipitia njia nyingine. Walowezi wa Kizungu walianza kukaa Kitale mwaka 1908, na reli ya kutoka upande wa Eldoret ikafika mjini humo mwaka 1926. Mashamba yale yalikuwa na majiko makubwa ya chuma yaliyokula kuni, na mbele ya majiko hayo walisimama wapishi Waafrika. Mlowezi alipotaka mkate wa asubuhi na keki ya saa kumi, hakuoka mwenyewe. Aliyejua siri za unga, moto na muda alikuwa mpishi, na mpishi huyo alikuwa na nyumba yake, mke wake na watoto wake. Ujuzi hauachwi getini mtu anapotoka kazini.

Kisha vikaja vyama vya kina mama. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilikuwa na vikundi mashambani ambako wanawake walifundishwa kushona, kutunza watoto na kupika. Baada ya hapo, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukaleta somo la Sayansi Kimu shuleni. Wengi waliosoma miaka hiyo wanakumbuka jinsi darasa zima lilivyozunguka sufuria moja, wanafunzi hamsini na keki moja, na mwalimu akipata kipande cha kuonja ambacho kwa kweli kilikuwa robo ya keki.

Ongeza jambo moja zaidi. Kuanzia miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalipogawanywa na kuuzwa, familia nyingi za kutoka Bungoma zilihamia Trans Nzoia kutafuta ardhi. Ndiyo maana hadi leo utakuta nyumba yenye mguu mmoja huku na mwingine kule. Kukhu yuko Chwele au Kimilili, wajukuu wako Kiminini au Matisi, na mapishi husafiri kwa matatu pamoja na kuku aliyefungwa miguu. Tutaona punde kwamba safari hiyo huleta balaa kwa keki.

TUANZE KUPIKA

Kwa keki ya watu sita hadi wanane, tafuta vitu hivi: unga wa ngano robo kilo, siagi au Blue Band gramu 125, sukari gramu 125, mayai matatu, maziwa nusu kikombe, chumvi kidogo sana, na vanila au ganda la limau lililoparuzwa. Kisha hamira ya keki, ile ambayo kila duka huiita bekingi pauda. Kiasi chake tutakieleza, kwa maana hapo ndipo ndoa nyingi huingia mashakani.

Kwanza tayarisha oveni yako. Chukua sufuria kubwa nzito, umimine mchanga mkavu uliochekechwa, wa kina cha vidole viwili, kisha uiweke juu ya jiko la makaa na kuifunika ipate moto kwa muda wa dakika kumi na tano. Mchanga husambaza joto, usiiunguze keki upande mmoja na kuiacha mbichi upande wa pili. Sufuria ndogo itakayobeba keki ipake mafuta ndani na kuinyunyizia unga kidogo.

Koroga siagi na sukari kwa mwiko mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Hii ndiyo kazi ya kuwapa watoto wanaozozana, kwa sababu mtoto anayekoroga kwa bidii hana pumzi ya kushtaki. Ongeza mayai moja baada ya jingine. Tafadhali, kila yai livunjie kwanza kwenye kikombe peke yake. Mayai ya kienyeji yana siri zake, na mengine yameokotwa chini ya kuku ambaye tayari alikuwa ameanza kutamia. Ukitaka uhakika, yatie katika maji kabla ya kuyavunja. Yai linaloelea limekaa siku nyingi, na afadhali uachane nalo.

Chekecha unga pamoja na hamira na chumvi, uutie polepole katika rojo huku ukiongeza maziwa. Usikoroge sana baada ya unga kuingia, la sivyo keki itakuwa ngumu kama zile mandazi za dukani ambazo watu huzichovya kwenye chai kwa dakika nzima kabla ya kuthubutu kuuma.

Mimina rojo katika sufuria ndogo, isizidi nusu ya kina chake au zaidi kidogo, uiweke juu ya mchanga, ufunike sufuria kubwa kwa kifuniko cha bati kilicho sawasawa, kisha upalie makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwa kuwa joto la chini hupanda lenyewe lakini la juu lazima libembelezwe lishuke. Subiri dakika arubaini kabla ya kuchungulia. Ukichoma keki kwa kisu kikavu katikati na kisu kikatoka bila rojo, imeiva. Ondoa makaa yote kabla ya kuinua kifuniko, maana hakuna kiungo kinachoharibu keki kama jivu.

KITALE SI BUNGOMA

Sasa turudi kwenye hamira. Bibi arusi kutoka Bungoma ameolewa Kitale. Kwao alikuwa anasifiwa, keki zake zilikuwa zinasimama kama kofia ya askari. Mama mkwe wake anakuja kumtembelea, naye anaamua kumwonyesha ujuzi. Keki inaumuka vizuri, inapanda hadi ukingoni, na wote wanashangilia. Dakika kumi baadaye katikati pamedidimia, pamekuwa bonde linaloweza kuhifadhi maji ya mvua.

Hapo maelezo huwa mengi. Wengine husema mtoto aliruka karibu na jiko. Wengine husema mlango ulibamizwa. Wapo watakaomtazama jirani aliyepita kuomba chumvi na kunong'ona kwamba jicho lake si zuri. Na mama mkwe, ambaye hasemi kitu, hutabasamu kwa namna ambayo bibi arusi hataisahau kwa miaka ishirini.

Mkosaji halisi ni mwinuko. Bungoma mjini iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na Kitale iko takriban mita 1,900. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyopungua uzito wake. Hamira hutoa hewa ndani ya rojo, na hewa hiyo ikikosa uzito wa kuikandamiza kutoka juu, huvimba kwa pupa. Keki hupanda kabla ya unga na mayai kukauka na kushika. Ni kama mtu aliyejenga ghorofa kabla ya msingi kukauka, ambaye lazima siku moja arudi chini.

Vitabu vingi vya mapishi tunavyotumia viliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kitabu kikisema vijiko viwili vidogo vya hamira kwa robo kilo ya unga, mwenye kuishi Mombasa atie viwili. Bungoma utie kimoja na robo tatu. Kitale utie kimoja na nusu tu, upunguze kijiko kimoja kikubwa cha sukari, na uongeze vijiko viwili vikubwa vya maziwa, kwa kuwa maji hukauka upesi zaidi huko juu. Usibandike kijiko kama mlima. Kisawazishe kwa kisu.

Mwinuko huo huo ndio unaoleta ugomvi wa maharagwe. Mombasa maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Bungoma huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na Kitale 94 hivi. Ungelibeba sufuria yako mpaka kilele cha Mlima Elgon, mita 4,321, maji yangechemka kwa nyuzi 86 hivi, na maharagwe yako yangekucheka mchana kutwa. Maji yanayochemka Kitale yanaonekana yamepandwa na hasira, yanatoa mvuke na kurusha kifuniko, lakini hayana moto wa yale ya Mombasa. Hivyo kabla mume hajamlaumu mkewe aliyetoka Pwani kwamba hajui kupika maharagwe, na akumbuke kwamba mke hakubadilika bali mlima ndio uliobadilika. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji hayo, upike kwa maji mapya. Muda utapungua, na nyumba itatulia.

JIKO HALINA HURUMA

Hapa tuache mzaha kidogo. Kitale ni mahali pa baridi, hasa kati ya Juni na Agosti, na mvua ya alasiri huko haibishi hodi. Aliyeanza kuoka nje hujikuta akikimbiza jiko ndani. Keki ikiisha, mtu huona makaa bado mekundu, nyumba imepata joto tamu, watoto wanasinzia, naye anaona ni hasara kuyazima. Anafunga mlango na dirisha na kulala.

Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, wala haimfanyi mtu akohoe kama moshi. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mtu aliyelala hazisikii dalili hizo. Familia nzima zimewahi kukutwa zimekufa asubuhi kwa sababu ya jiko lililoachwa ndani.

Kwa hiyo, ukilazimika kuokea ndani, acha mlango na dirisha wazi muda wote, hata kama baridi inauma. Watoto wasilale katika chumba chenye jiko. Kazi ikiisha, toa jiko nje kabisa, hata kama makaa yamefunikwa na jivu, kwa sababu jivu huficha moto wala haliuzimi. Mtu akianza kulalamika kichwa, mtoe nje apate hewa safi mara moja na umpeleke hospitalini. Hakuna keki yenye thamani ya kipimo hicho.

BABA WATOTO NA KIFUNIKO

Tukirudi kwenye mambo mepesi, adui wa pili wa keki baada ya mwinuko ni mzee wa boma. Si kwamba ana nia mbaya. Tatizo lake ni upelelezi. Mwanamume ambaye hajaingia jikoni tangu Krismasi hupata haja ya ghafla ya kunywa maji kila baada ya dakika tano. Akifika, huinua kifuniko "nione tu." Joto lote alilokusanya mama kwa nusu saa hutoka nje, baridi huingia, na keki iliyokuwa imeanza kusimama hukata tamaa. Kisha huyo huyo ndiye atakayeuliza mezani, "Mbona leo imelala?"

Hata hivyo, historia ina mifano ya kutia moyo. Huko Birmingham, Uingereza, aliishi muuza dawa mmoja, Alfred Bird. Mke wake alidhuriwa na mayai, na pia alidhuriwa na hamira ya mkate. Bwana huyo hakumwambia mkewe avumilie, wala hakwenda kula kwa jirani. Mwaka 1837 alitengeneza unga wa kastadi usiotumia mayai, na mwaka 1843 akatengeneza bekingi pauda yake ili mkewe apate mkate usiomdhuru. Kopo lile lililo kabatini kwako, mama, ni jamaa wa karibu wa kazi ya mume aliyejali tumbo la mkewe. Liweke mahali ambapo baba watoto ataliona.

Na siku hizi baba hana pa kujificha. Tangu mtaala wa umilisi ulipoenea nchini mwaka 2019, mtoto hurudi nyumbani na kazi za mikono zinazomtaka mzazi ashiriki. Mtoto hulala saa mbili, na saa nne usiku utawakuta baba na mama Kanduyi wakisaidiana kumalizia kazi ya darasa la nne, mmoja ameshika mwiko, mwingine ameshika simu akipiga picha za mwalimu. Alama wakipata nzuri, mtoto hupongezwa. Wakipata mbaya, wazazi huulizana ni nani aliyeharibu.

MAYAI NI YA NANI?

Swali zito kuliko yote halihusu hamira bali mayai. Hapo zamani, katika jamii nyingi za Waluhya, wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Mama ndiye aliyemfuga kuku, ndiye aliyemfukuza mwewe, ndiye aliyemchinjisha, akamnyonyoa na kumpika, kisha akabaki na mchuzi. Mwiko huo umelegea kwa kiasi kikubwa, na wengi wa kizazi hiki huusikia kama hadithi. Lakini ukichunguza vizuri, kivuli chake bado kimeketi mezani. Mama bado hujipakulia mwisho. Bado huangalia kwanza sahani za wengine, akafuta sufuria kwa kipande cha ugali na kusema ameshiba.

Ndiyo maana keki ya sufuria ina maana kubwa kuliko utamu wake. Mama anapovunja mayai matatu mbele ya watu wote, akayakoroga na kuyala pamoja na wengine, amevuka mpaka ambao nyanya yake hakuuvuka. Na mtoto wa kike anayepewa kipande sawa na cha kaka yake anajifunza jambo ambalo mahubiri hayafundishi.

Hata hivyo tusijidanganye kwa hesabu. Mayai matatu katika keki ya vipande kumi na viwili ni robo yai kwa kila mtu, nayo imezungukwa na sukari. Keki si chakula cha kumkuza mtoto, ni furaha ya Jumapili. Kama kuku wako wanataga mayai machache kwa wiki, watoto wadogo wapate kwanza yai lao la kuchemsha, kisha ndipo keki ifikiriwe. Na kama mkoba hauruhusu, Bungoma na Trans Nzoia zina viazi vitamu. Chemsha viazi vile vyenye rangi ya chungwa ndani, ambavyo vina vitamini A, uviponde, kisha utie kikombe kimoja mahali pa sehemu ya unga na sehemu ya sukari. Punguza maziwa kidogo, kwa kuwa viazi vina maji yake. Keki itakuwa nzito kidogo lakini laini, na rangi yake itawafanya majirani waulize.

Unga wa mahindi nao usidharauliwe. Kitale ndiyo makao ya Kenya Seed, iliyoanza mwaka 1956, na ndiko ilikotolewa mbegu ya H611 mwaka 1964 iliyobadilisha mashamba ya mahindi ya nyanda za juu. Ingekuwa aibu kwa mji huo kutegemea ngano peke yake, hasa kwa vile Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo. Robo ya unga wa keki yako inaweza kuwa unga laini wa mahindi. Zaidi ya hapo itakuwa ugali wenye sukari, na baba atauliza mboga iko wapi.

NANI AKATE?

Tumefika kwenye kisu. Kwa kuwa keki haina imondo, kila nyumba itabidi ijitungie sheria. Haya ni mapendekezo yanayoweza kuepusha kesi.

Kwanza, anayekata achague mwisho. Sheria hii ni fupi lakini ina nguvu kuliko kiboko. Mpe kisu mtoto mwenye tamaa kuliko wote, umwambie kwamba wenzake watachagua kabla yake. Utastaajabu kuona anavyopima kama fundi wa ramani, ulimi nje, jicho moja limefungwa.

Pili, ihesabiwe kabla ya kukatwa. Aliye shambani, aliye shuleni, aliyetumwa dukani, wote wawekewe chao. Na mgeni naye akumbukwe, kwa sababu harufu ya keki husafiri mbali kuliko barua ya mwaliko.

Tatu, mila ziheshimiwe bila kumnyima mtu. Katika familia nyingi za Kibukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai meza moja wala hawali pamoja. Si lazima keki ivunje heshima hiyo. Mtoto anaweza kubeba sahani kutoka nyumba hii hadi ile. Ila sahani ifunikwe vizuri, na mtoto huyo awe amekwisha kula chake, la sivyo mama mkwe atapokea makombo na salamu.

Nne, na hili ndilo kubwa, aliyepika aketi. Asisimame mlangoni na kitambaa begani akingoja kuitwa kuongeza chai. Chai ipelekwe mezani katika chupa, kila mtu ajimiminie, na kipande cha kwanza kitolewe kwa yule aliyekaa motoni, awe ni mama, baba au mtoto. Ale kikiwa bado na joto, mbele ya watu, bila kusema ameshiba.

Baba asiogope kwamba heshima yake itapungua. Imondo bado ni yake, hakuna aliyeigusa. Kuku atabaki na katiba yake. Lakini Jumapili ambayo keki itaiva, sufuria ikainuliwa na jivu likapeperushwa mbali, mzee wa boma na apokee kisu, akate kipande kizuri kutoka katikati pale palipoumuka, na aseme kwa sauti ambayo hata jirani ataisikia: "Mama watoto, hiki ni chako."

Kizuri kula na mwenzio. Jumapili njema.